Filamu za zamani za kufundisha macho: zitazame ukiwa na kalamu

Wewe unayeanza kazi ya ukaguzi, ulinzi au kusoma picha za maabara, usizidharau filamu za mafunzo za miaka ya 1940 na 1950. Ni fupi, mkanda wa milimita 16 wenye futi 400 huisha kwa dakika 11 hivi. Nyingi zinapatikana bure mtandaoni, hasa kutoka kwenye mkusanyiko aliouanzisha Rick Prelinger mjini New York mwaka 1983.

Ufundishaji huu ulikua kwa haraka kwa sababu ya vita. Katika Vita Kuu ya Pili, baharia wa Marekani alipaswa kujua papo hapo kama ndege inayokuja ni ya adui au ya wenzake. Kulikuwa na njia ya kuichambua: mabawa, injini, kiwiliwili, mkia. Samuel Renshaw, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, akaleta nyingine: picha inamulikwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mwanafunzi anaitambua ndege nzima kwa umbo lake. Wanagenzi huvutiwa na hii ya pili. Mimi nasema anza na uchambuzi, maana umbo usilolichunguza hata mara moja utalitambuaje kwa kupepesa?

Mara ya kwanza zima sauti. Msimulizi wa filamu hizi hakupi nafasi. Anakuonyesha pa kutazama kabla jicho lako halijahangaika, na kuhangaika huko ndiko kunakofundisha. Jicho huona kwa ukali eneo dogo tu la katikati, pembe ya nyuzi 2 hivi, kwa hiyo usipolipeleka pembeni kwa makusudi, pembeni hutapaona vizuri.

Filamu ikiisha, andika kabla ya kuirudia. Gawa ukurasa mara mbili: niliyoyaona, na niliyoyadhania. “Mtu alitoka mbio ameshika mfuko” ni la upande wa kwanza. “Mwizi alikimbia” ni la pili, hata kama una hakika. Sijaona zoezi linalomkomaza mkaguzi mpya kuliko hili, na ripoti zake hubadilika waziwazi.

Kisha irudie kwa sauti, uweke alama ulipopitwa. Ukishamaliza, chukua filamu nyingine. Ile ya jana utaijibu kwa kumbukumbu, macho yakiwa yamepumzika.