Pasaka Matema na ndoano
Kaka, uliyeuliza kama Pasaka ni wakati mzuri wa kuvua samaki aina ya mbasa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa kule Kyela: utawapata, ila mimi nisingekaa midomoni mwa mito. Masika mbasa hutoka Ziwa Nyasa na kupanda mito kama Kiwira kutaga kwenye changarawe. Ukimtoa jike mwenye mayai pale, umevua na watoto wake wote. Bora ukodi mtumbwi uvulie ziwani. Habari za kibali anzia kwa afisa uvuvi wa halmashauri, Kyela. Ukirudi ufukweni waonyeshe BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, ulichopata: aina, idadi, uzito. "Nimepata wengi" haiwasaidii kitu. Na vile visamaki vya rangi vya kwenye mawe viachie, supu yenyewe haitoshi hata kikombe.