Usukani wa baiskeli ukikuumiza mikono na shingo, anza na siti

Viganja kufa ganzi, shingo kukaza na mabega kuuma baada ya mwendo wa nusu saa mara nyingi ni dalili kwamba usukani uko chini mno au mbali mno. Wengi hukimbilia kusogeza siti mbele ili waufikie. Tafadhali usifanye hivyo. Siti hupangwa kwa ajili ya miguu, na ukiihamisha kuokoa mikono, magoti ndiyo yatakayoumia. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinamia upande. Ukishapata kimo hicho, kaza siti na uiache.

Sasa usukani. Kwa safari za kawaida, anza nao ukiwa sawa na siti kwa kimo, au juu yake kwa sentimita 2 au 3 kama mgongo unakusumbua. Ukiushika, viwiko viwe vimekunjika kidogo, maana mkono ulionyooka kabisa hupeleka kila shimo la barabara moja kwa moja begani. Lakini usipandishe kupita kiasi. Uzito wote utaangukia makalioni, na ukipanda kilima na mzigo kwenye keria, gurudumu la mbele litakuwa jepesi na baiskeli itayumba.

Namna ya kuupandisha inategemea shingo ya usukani, yaani kile chuma kinachouunganisha na foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Baiskeli nyeusi za Phoenix, na nyingi za mtumba kutoka Japani, zina shingo inayozama ndani ya bomba la foku na kubanwa na kabari. Juu yake kuna bolti moja. Ilegeze mizunguko mitatu hivi, usiitoe. Weka kipande cha mbao juu ya bolti na ugonge kwa nyundo mpaka izame, hapo kabari imeachia. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana: mtu analegeza bolti, anaona usukani haujongei, anaanza kuukunja kwa nguvu. Kama kutu imeshika, mimina mafuta ya kulegeza kutu na uache hadi kesho yake.

Ukivuta shingo juu, tafuta mstari uliochongwa ubavuni. Mstari huo lazima ubaki umefichika ndani ya bomba. Ukionekana, kabari inabana karibu na nyuzi za bomba, yaani sehemu iliyochongwa meno ya skrubu, mahali penye udhaifu, na bomba linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Kama mstari haupo, acha angalau sentimita 7 ndani. Fundi akikuambia bado inaweza kuvutwa kidogo, kataa. Ipake shingo grisi kabla ya kuirudisha. Kwa Phoenix yenye breki za fito, legeza kwanza viungo vya fito, la sivyo kupandisha usukani kutavuta breki ya mbele igande kwenye rimu.

Baiskeli za kisasa zaidi zina shingo inayolikumbatia bomba kwa nje kwa bolti mbili za ubavuni. Hapa kimo hubadilishwa kwa kuhamisha zile ringi zilizovikwa kwenye bomba kutoka juu ya shingo kwenda chini yake. Kama hakuna ringi juu, pindua shingo yenyewe: yenye urefu wa sentimita 10 na mwinamo wa digrii 6 hupandisha usukani kama sentimita 2. Mpangilio wa kukaza ni muhimu sana. Bolti ya kofia ya juu, kile kifuniko kilicho kwenye ncha ya bomba, hutangulia, polepole, mpaka foku isicheze lakini izunguke kwa ulaini. Nyoosha usukani na gurudumu. Ndipo ukaze bolti za ubavuni kwa zamu, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye shingo, kwa kawaida Nm (nyutoni mita) 5 au 6. Ukianza na za ubavuni, kofia haitafanya kazi yoyote. Ncha ya bomba nayo iwe chini ya ukingo wa juu wa shingo, au wa ringi iliyo juu yake, kwa milimita 3 hivi. Ikilingana nao, kofia inakandamiza bomba na foku haiachi kucheza. Jaribu kwa kubana breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, rudia.

Umbali upimwe baada ya kimo, kwa kuwa bomba limelala nyuma: kila sentimita 1 unayopanda huleta usukani karibu kwa milimita 3 hivi. Ukiwa bado mbali, nunua shingo fupi zaidi, kwa mfano ya sentimita 8 badala ya 10, na upime kwanza unene wa usukani pale unapobanwa, kwani milimita 25.4 na 31.8 haziingiliani.

Mwisho, geuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho. Waya wa breki ukikaza, weka mrefu zaidi pamoja na ganda lake. Zungusha pia mikono ya breki ifuate mstari wa mkono wako, kwa sababu kifundo cha mkono kilichopinda huendelea kuleta ganzi hata kimo kikiwa sahihi.