Ulizeni polisi kwanza, kodi baadae

Wiki hii mmeuliza "umewahi kupanga nyumba nchi ya watu, na ulipataje ya bei nafuu?" Mi nimepanga Guangzhou, China, 2018 mpaka mwisho wa 2019, nikakaa vyumba viwili, kwahiyo nina la kusema.

Kwanza nitoe dhana moja. Bongo ukitafuta chumba swali la kwanza kwa dalali ni shilingi ngapi na miezi mingapi. Kule nilianza hivyohivyo nikaumia. Swali la kwanza kwa mgeni ni hili: mwenye nyumba atakubali kunisajili polisi? Sheria yao inataka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 tangu afike pale anapolala, usipofanya unaweza kupigwa faini mpaka yuan 2,000. Wanakupa karatasi moja ya kawaida tu, ila ukienda kuongeza viza bila hiyo karatasi unarudishwa mlangoni. Sasa ili wakuandikishe wanataka mkataba na nakala za hati ya nyumba na kitambulisho cha mwenye nyumba, na hapo ndo wenye nyumba wengi wanapokimbia. Unampigia mtu, bei safi, picha safi, akisikia lafudhi tu anauliza "waiguoren?" yaani mgeni wewe, ukisema ndio simu imekatwa. Wengine ubaguzi, sitawapamba, ila wengine hawataki tu safari za polisi au hawataki kodi ya pango wanayokusanya ijulikane serikalini.

Chumba cha kwanza nilikipata wilaya ya Baiyun, kwenye vile vijiji vilivyomezwa na jiji, majengo yamebanana hadi Wachina wenyewe wanayaita majengo ya kushikana mikono kwasababu ukinyoosha mkono dirishani unamsalimia jirani wa ng'ambo. Selfu ghorofa ya saba, lifti hakuna, yuan 1,300 kwa mwezi, kama laki nne na nusu za kwetu kwa wakati ule. Jirani yangu alikuwa anakaanga pilipili saa moja asubuhi nakohoa mimi. Mchana naishi na taa maana jua halifiki. Umeme jamaa aliyenipangisha alikuwa anauza mwenyewe yuan 1 kwa yuniti wakati bei ya serikali ni kama 0.6, hii iko sana kwenye hayo majengo na watu hawaiweki kwenye hesabu, mwezi wa saba na wa nane kiyoyozi kikilala kinawaka utajua hujui.

Nililipa amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja, kwa Guangzhou ndo kawaida (ukitoka kwenye miezi sita ya Dar unajiona umebahatika kweli). Kesho yake nimeenda polisi, askari akaangalia mkataba akauliza huyu aliyesaini ni nani, mbona hati ya jengo haina jina lake? Kumbe yule jamaa si mwenye nyumba, ni "er fangdong", mwenye nyumba namba mbili, kapanga jengo zima kwa mwenyewe halafu anatupangisha sisi kimojakimoja. Karatasi hana. Nikahama ndani ya wiki na amana alirudisha nusu tu, nusu "gharama za usafi", chumba nilicholala siku tano!

Cha pili alinitafutia dada mmoja Mkongo anayefanya biashara Xiaobei, mtaa wa hapohapo Guangzhou, akaniambia toka mjini wewe, nenda Foshan. Ni mji mwingine lakini treni ya chini inaunganisha tangu 2010, kutoka Guicheng, mtaa wa Foshan nilikohamia, mpaka Xiaobei nilikuwa natumia kama saa nzima. Chumba na sebule, lifti ipo, yuan 1,200, umeme unalipa mwenyewe kwenye simu kwa bei ya serikali. Mwenye nyumba mama mtu mzima tukimwita "ayi", kama sisi tunavyosema mama mdogo. Kabla hata sijatoa hela nikamwandikia kwa programu ya kutafsiri: tutaenda wote polisi? Akaingia chumbani akatoka na hati yake, kitabu chekundu, kakifunga kwenye mfuko wa nailoni wa sokoni, tukaenda kwa miguu, akakaa kwenye benchi anamenya mbegu za alizeti mpaka nimepewa karatasi yangu. Dakika ishirini.

Tuligombana mara moja tu. Mwezi wa tatu kule kuna siku hewa ya kusini inaingia, kuta zinatoka jasho, sakafu inateleza kama imemwagiwa maji, suti yangu ya pekee ikaota ukungu kabatini. Mi mtoto wa Tanga najua unyevu, nikafungua madirisha yote hewa ipite. Ayi akapita chini akaona, kapanda juu anapiga kelele anayafunga moja baada ya jingine, kumbe unyevu wenyewe unatoka nje, ndani ukuta bado una baridi ya miezi iliyopita ndo maana unatoka jasho. Kiyoyozi chake kilikuwa na sehemu ya kukausha hewa, kina alama ya tone la maji kwenye rimoti, miezi yote ile nilikuwa sijaigusa.

Siku naondoka alihesabu rimoti, akahesabu funguo, akawasha majiko yote, akafungua bomba la bafuni akaacha maji yaende huku ananiangalia. Akaona tundu la msumari niliopigilia kufunga chandarua. Akakata yuan 50. Zilizobaki akanitumia WeChat hapohapo tukiwa mlangoni, akangoja simu yangu ilie ndo akachukua funguo.