Mashimo 40 shambani, ndo panya 40?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi mwanafunzi wa kilimo niko fildi huku Kilosa, nimeambiwa nihesabu panya kwenye shamba la mahindi. Nimezunguka nikapata mashimo 40 nikaandika panya 40, msimamizi kacheka tu kanirudishia daftari. Nimekosea wapi, na je niyafukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hata mi nimecheka kidogo. Shimo sio panya bana. Panya shamba hana nyumba moja, huyo huyo leo analala hapa kesho pale, na shimo moja unakuta wanalala kadhaa, afu shimo lenyewe lina milango miwili mitatu na we umeihesabu yote. Jioni ziba kila tundu na majani makavu, asubuhi angalia yapi yamesukumwa. Yenye utando wa buibui achana nayo. Ila hapo utajua tu mashimo yanayotumika, idadi ya panya bado hujaipata.

Idadi inatafutwa kwa mitego ya kushika panya wakiwa hai, vile viboksi vya bati jepesi, chambo siagi ya karanga na unga wa mahindi. Hapo jirani yako Morogoro watu wa SUA, kile Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji wanafanya hivo tangu 1994, hekta 3, mitego 300, kila baada ya mita 10 mmoja, siku tatu mfululizo kila mwezi. We hata 50 inatosha. Tuseme usiku wa kwanza umeshika 20 ukawatia alama ukawaachia, usiku wa pili umeshika 20 tena na 5 kati yao wana alama, yani robo, basi wale 20 wa kwanza nao ni kama robo ya wote, kwahiyo shamba lina kama 80. Ni makadirio, usiape. Na mitego ikague alfajiri, jua likipiga lile bati panya anakufa humo ndani na hesabu yako imeharibika.

Andika na mvua pia, hili wengi wanasahau. Vuli ikinyesha vizuri wanaanza kuzaa mapema, na jike mmoja mimba moja anatoa watoto kama 11, we piga hesabu mwenyewe mpaka masika. Ndo maana kuna mwaka mkulima anapanda mbegu wiki haijaisha zimefukuliwa zote.

Kufukua iwe mwisho kabisa, ukishamaliza mitego, maana ukifukua umewafukuza uliokuwa unawahesabu. Ziba milango mingine kwanza, ingiza kijiti laini kwenye njia ndo ufuate na jembe, la sivyo udongo unaporomoka unapoteza njia yote. Mkono usiingize, humo nyoka nao wanapanga. Vaa glavu, mkojo wa panya unaweza kuwa na leptospira, bakteria wanaoleta homa kali kwa binadamu, na viroboto wao ndo walioleta tauni kule Lushoto miaka ile.

Msimamizi mwambie unaomba mitego.