Kituo cha simu hakijaboreshwa: nisubiri au nihame?

Pole ndugu. Tarehe ya kuboresha kituo cha simu kinachokuletea intaneti kwa waya imesogezwa tena, nawe unauliza uvumilie au uhamie kampuni nyingine. Kwanza ulizia urefu wa waya kutoka kituoni hadi kwako. ADSL2+, yaani intaneti ya kasi kupitia waya wa simu, hufikia megabiti 24 kwa sekunde ukiwa jirani na kituo. Ukishapita kilomita 3 hivi, mitambo mipya haitakufaa sana, maana waya wa shaba ni uleule. Na kampuni nyingine ikitumia waya huohuo, utakuwa umebadilisha jina la bili tu.

Kwa sasa chomeka modemu kwenye soketi kuu ya simu, bila waya za nyongeza. Ukisikia mikwaruzo ukipiga simu, dai fundi wa laini. Usiifungue soketi ya kampuni ya simu mwenyewe. Mkataba mrefu usisaini kabisa. Wa mwezi kwa mwezi, hata ukiwa ghali kidogo, utakuacha huru.