Kuomba hifadhi ubalozini, na je, kukosa ajira kunatosha?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuomba hifadhi ya ukimbizi ubalozini kabla hujasafiri, na kama kukosa ajira kunatosha kuwa sababu.

Nianze na la pili: hakutoshi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamlinda mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, msimamo wa kisiasa au kuwa katika kundi fulani la kijamii. Ukata haumo, hata uwe mkali vipi. Kama unachotafuta ni maisha, hangaika na viza ya kazi au ya masomo.

Ubalozini nako ni kugumu. Mkataba wenyewe unamhesabu mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake, na nchi nyingi hupokea maombi ukiwa umeshafika mpakani au ndani. Ukifika, usikae kimya. Marekani, kwa mfano, hutaka uombe ndani ya mwaka 1 tangu uingie, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Halafu kuna hawa madalali wanaouza hadithi za kukariri. Waepuke kabisa! Kwenye mahojiano afisa atarudia swali lilelile kwa namna tofauti, na maelezo yakigongana anaweza kukukataa hata kama hatari yako ni ya kweli. Simulia yaliyokupata wewe, tarehe usiyoikumbuka sema huikumbuki, na tafuta wakili au shirika la msaada wa kisheria kabla ya kusaini chochote.