Kuja Nyando na kikundi cha kanisa: njooni maji yakishashuka

Ndugu uliyeuliza kutoka Nakuru, nimekusoma: vijana wenu wa kanisa wamejaza magunia ya nguo, mnataka kuja kusaidia waliofurikiwa Nyando (Kisumu) au Budalang'i (Busia), na hamjui mje lini wala mbebe nini kingine. Mimi ni mtu wa Ahero na kazi hii nimeifanya misimu kadhaa, ukiwemo ule wa 2020 na wa 2024. Wiki hii msije. Njooni maji yakishashuka.

Najua mtaona ni ukatili, ila huko kwenu mmezoea maafa ya namna nyingine. Bwawa la Solai lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018. Mai Mahiu nako, Aprili 2024, maji yaliyozibwa kwenye tuta la reli yalifumuka watu wamelala. Pale maji yalipita mara moja, yakaacha mawe na misiba. Huku mto Nyando unateremka kwa kasi kutoka milima ya Nandi na Kericho, ukifika uwanda wa Kano hauna pa kuteremkia, unatandaa tu. Maji yanaweza kukaa wiki nzima na zaidi. Wakati huo watu wako madarasani na makanisani, na wenye boti na mahema ni Msalaba Mwekundu na serikali. Basi la wageni likishusha abiria hapo, nao watataka choo, na choo ndicho hakuna.

Mikono huanza kukosekana shule zikifunguliwa. Mwaka 2024 ufunguzi uliahirishwa hadi Mei 13, na madarasa yalipotakiwa, watu walirudi kwenye nyumba ambazo bado zilikuwa na unyevu. Wenye kamera walikuwa wameshaondoka. Hapo ndipo kikundi chenu kina maana.

Kazi kubwa ni matope. Leteni sepetu, majembe, karai na wilbaro. Udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi. Ukiuacha ukauke ndani ya nyumba unakuwa kama simenti, kwa hiyo utoeni ungali laini. Kabla ya kuingiza mkono chini ya kitanda au kabati, chokoeni kwa fimbo, maana nyoka nao walikimbilia humo. Nyumba ya udongo huliwa kuanzia chini, kwa hiyo fundi wa kijijini aikague kwanza. Na msikimbilie kukandika ukuta upya kabla haujakauka. Wenye nyumba wanalijua hilo, wasikilizeni.

Kisha kuna karatasi, jambo ambalo wageni hawalifikirii. Karibu na Ombaka, mama mmoja alitutolea bahasha ya kaki iliyovimba: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, risiti za karo, vyote vimegandana. Kijana wetu mmoja akaanza kubandua kwa kucha, mama akamshika mkono. Tukalitumbukiza bunda zima kwenye beseni la maji safi, karatasi zikaachana zenyewe taratibu, tukazitandaza juu ya chandarua kivulini. Wino wa kalamu kwenye kadi ulitoka, lakini vyeti vilisomeka. Waliopoteza kitambulisho huhitaji mtu wa kuwasindikiza kituo cha polisi kuchukua abstrakti (hati ya polisi ya kitu kilichopotea), halafu kwa chifu. Bila kitambulisho, hata laini ya simu ya kupokelea msaada wa pesa ni shida kuirudisha, na mzee wa miaka themanini hawezi kuzunguka ofisi hizo peke yake.

Visima: msimwage klorini kwa kukisia. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kimeshachanganyika na choo cha jirani, na kipindupindu hakina simile. Mwiteni afisa wa afya ya umma awaelekeze namna ya kukiteka hadi maji machafu yaishe, na kipimo cha dawa.

Zile nguo? Ziuzeni hapo Nakuru. Nimeona makoti mazito ya baridi yakioza nyuma ya kambi katika joto la Kano. Pesa mtakayopata nunulieni Ahero ndoo zenye vifuniko, sufuria, leso, vyandarua na sare za shule. Wenye maduka pale nao mafuriko yamewagusa. Pesa ikibaki, nunueni mbegu za kunde na mchicha, watu wapate mboga mapema.

Budalang'i ni habari hiyohiyo, ila mto ni Nzoia na kuna kingo ambazo zimewahi kubomoka. Chagueni sehemu moja, msizunguke kote.

Mkifika pitieni kwa chifu na mzee wa kijiji, kisha muulizeni mhudumu wa afya ya jamii nani ni mgonjwa wa kitandani na nani anaishi peke yake. Kuna kikundi kiliwapanga ajuza juani wapigwe picha na pakiti ya unga mkononi. Mkija na hiyo tabia, mimi simo.

Mkishajua mko wangapi niandikie faraghani niwaunganishe na mzee wa kijiji. Na kila kijana aje na gambuti zake, za kuazima huku hazitoshi.